Homa haiishi, ini limevurugika, vipimo havioni kitu? Tafuta kidonda cha kupe

Hii naandika kwa ajili ya yule ambaye malaria kapima hamna, hepataitisi zote hamna, pombe hanywi, ila AST na ALT (vimeng'enya vya ini kwenye damu) zimepanda na homa ina wiki sasa. Muulizeni daktari kuhusu riketsia. Ni bakteria wanaoletwa na kupe, viroboto na chawa, wanaingia kwenye kuta za mishipa midogo ya damu, na ini limejaa mishipa hiyo ndo maana nalo linaumia.

Kwanza mgonjwa avue nguo akaguliwe mwili mzima. Mnatafuta kidonda kidogo chenye kigaga cheusi, angalieni nyuma ya magoti, kinena, makwapa, chini ya matiti, ndani ya nywele, mara nyingi hakiumi kwa hiyo mwenyewe anaweza asijue kama anacho, na matezi ya jirani yanakuwa yamevimba. Msipokiona msiseme basi sio, maana ile ya viroboto wa panya kwa kawaida haiachi kidonda.

Afu mwambieni daktari wiki mbili kabla ya homa kuanza mgonjwa alikuwa wapi, alikamua ng'ombe, alipita porini, stoo kuna panya? Asipoambiwa hawezi kuotea. Kwenye picha ya damu chembe sahani (zile za kugandisha damu) zikiwa zimeshuka, shaka inazidi.

Sasa Widal, hapa ndo watu wanapotea sana na inaniuma. Widal ni kipimo cha taifodi, homa ya matumbo, na tifasi, inayoletwa na hizi riketsia, ni ugonjwa mwingine kabisa, majina tu yanafanana. Widal ikisoma, mtu anachomwa seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, siku tano na riketsia hazisikii hiyo dawa. Kule Moshi 2007 na 2008 walifuatiliwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa, zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, waliokuwa nayo kweli 14 tu, na kati ya waliopimwa riketsia za kupe asilimia 8 walikutwa nazo.

Dawa yake ni doksisaiklini, mtu mzima kawaida miligramu 100 mara mbili kwa siku, ila aandike daktari, na mjamzito aseme mapema. Homa mara nyingi inashuka ndani ya siku mbili hivi. Kipimo cha kingamwili kinataka damu mara mbili, ya pili baada ya wiki 2 mpaka 4, kwa hiyo daktari akishuku dawa inaanza bila kusubiri majibu.

Macho yakiwa ya njano, akianza kuchanganyikiwa au kutokwa damu, mkimbizeni hospitali usiku huo huo. Akipona, ini lipimwe tena baada ya wiki kadhaa, na kama namba bado ziko juu rudini mkatafute sababu nyingine.