Kipindi cha Michezo: Dakika 40, Wanafunzi 60 na Mpira Mmoja

Katika shule nyingi za Arusha na Moshi, mwalimu wa michezo hukabidhiwa darasa la wanafunzi 60 au zaidi, dakika 40 na mpira mmoja. Mara nyingi wavulana 22 ndio hucheza, na waliobaki huketi kivulini mpaka kengele ilie. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 aushughulishe mwili wake kwa wastani wa angalau dakika 60 kwa siku, kwa kiasi cha kumfanya ahemee. Kwa hiyo kipindi hiki kinapaswa kupimwa kwa dakika ambazo kila mwanafunzi ametumia akiwa katika mwendo.

Uwanja utayarishwe kabla wanafunzi hawajatoka darasani. Chora kwa chokaa au majivu mraba wenye mita 50 kila upande, ili raundi moja iwe mita 200, kisha uzungukie ukiokota mawe na vipande vya chupa. Shule za miteremkoni, kama zile za Machame na Marangu, haziwezi kupata eneo tambarare kila mara; huko mbio za kasi zielekezwe kupanda mlima, kwa sababu kushuka kwa kasi huumiza magoti na vifundo vya miguu. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo mwekundu huteleza sana, na ni salama zaidi kufundisha kuruka kamba na mazoezi ya kujisawazisha kwa mguu mmoja barazani.

Kupasha mwili moto kuchukue dakika nane hivi, na asubuhi za baridi za Juni na Julai ziongezwe mbili au tatu. Hakuna njia inayozidi mchakamchaka wetu, kwa kuwa wimbo wenyewe ni kipimo: darasa linapoitikia kwa sauti kamili, mwendo ni mwepesi, mwitikio ukianza kukatika, mapigo ya moyo yamepanda, na wakinyamaza kabisa, punguza kasi mara moja. Baada ya hapo wazungushe mabega, wainue magoti na kurusha miguu mbele na nyuma. Kunyoosha viungo kwa kutulia katika mkao mmoja kuachwe hadi mwisho wa kipindi, misuli ikiwa tayari ina joto.

Sehemu kuu ndiyo inayoharibika kirahisi, na chanzo chake ni foleni. Tuseme umewapanga wanafunzi 60 katika mistari miwili ya mbio za kupokezana vijiti, na kila mmoja hutumia sekunde 10 kwenda na kurudi. Mwanafunzi atakimbia sekunde 10 kisha atasubiri karibu dakika tano. Wagawe katika vikundi kumi vya watu sita, na kusubiri kutapungua hadi sekunde 50, muda unaotosha kuvuta pumzi tu. Vijiti havihitaji kununuliwa: kata bomba la maji la plastiki lenye kipenyo cha karibu sentimita 4 katika vipande vya sentimita 28 hadi 30, na utakuwa umefikia urefu unaotakiwa hata katika mashindano rasmi.

Kupokezana kufundishwe kwanza kwa kutembea. Mtoaji ashike kijiti kwa mkono wa kulia na kutamka "shika!", mpokeaji, ambaye tayari amekwisha kuanza kwenda, anyooshe mkono wa kushoto nyuma, kiganja kikiwa wazi, bila kugeuza shingo. Wakizoea, waharakishe hatua, na mwisho wakimbie. Mwalimu anayeruka hatua ya kutembea ataona vijiti vikianguka hadi mwisho wa muhula.

Fahamu mapema ni nani ana pumu au selimundu. Mwenye pumu apashe mwili moto taratibu zaidi, mbali na vumbi, na dawa yake ya kuvuta iwe uwanjani wala isibaki ofisini. Mwenye selimundu anywe maji mara kwa mara na apumzike pindi anapoomba. Na tafadhali, pushapu na kuzunguka uwanja visitumike kama adhabu, kwa maana mtoto aliyeadhibiwa kwa mbio huanza kuzichukia mbio zenyewe.

Wiki ya kwanza ya muhula, kila mwanafunzi akimbie au atembee kwa dakika sita kuuzunguka mraba, na mwenzake amhesabie raundi. Andika idadi hiyo katika daftari, rudia baada ya wiki sita, na umlinganishe kila mmoja na matokeo yake ya awali. Mkoa wa Arusha ndiko alikotoka Filbert Bayi wa Karatu, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, na sifa hiyo hutushawishi kuwatafuta wenye mbio siku ya kwanza na kuwasahau wengine. Uteuzi wa timu ya UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini, ufanyike daftari likiwa mkononi, kwa sababu humo yumo pia msichana mkimya ambaye hakuwahi kujitokeza mbele, lakini raundi zake zimepanda kutoka 5 hadi 6.