Somo: Elektronegativiti bila kukariri mishale

Wanafunzi wangu wa tuisheni huku Temeke ukiwatajia elektronegativiti wanachora mishale miwili fasta kwenye jedwali la elementi, kuonyesha inakoongezeka: mmoja kulia, mmoja juu. Waulize kwa nini. Kimya. Leo mishale tuiweke pembeni.

Hatua ya 1. Atomu mbili zinazoshirikiana elektroni ni kama washikaji wawili wa geto waliolala na shuka moja. Elektronegativiti ni nguvu ya atomu kuvutia shuka upande wake. Linus Pauling, mkemia wa Marekani, aliitungia vipimo mwaka 1932. Florini ndiyo mvutaji mkuu, 3.98. Sesiamu, 0.79, inalala baridi.

Hatua ya 2. Tembea kwenda kulia kwenye jedwali: lithiamu 0.98, berili 1.57, boroni 2.04, kaboni 2.55, nitrojeni 3.04, oksijeni 3.44, florini. Kila ukisogea, kiini kinapata protoni moja zaidi ya kuvuta elektroni, na elektroni mpya inaingia ganda (tabaka la elektroni) lilelile, kwa hiyo haikingi sana mvuto. Atomu inajikunyata, inavuta zaidi.

Hatua ya 3. Sasa shuka (kitenzi, siyo la kitandani): florini 3.98, klorini 3.16, bromini 2.96, iodini 2.66. Hapa ndipo wengi hukwama. Iodini ina protoni 53, florini 9 tu, mbona iodini inazidiwa? Mfikirie mnadi wa Kariakoo mwenye spika. Ukiwa mbele yake, hata spika ndogo inakufikia. Ukisimama nyuma ya safu nne za watu, spika kubwa nayo unaisikia kwa mbali. Elektroni za nje za iodini ziko ganda la tano; yale manne ya ndani ndiyo umati wenyewe.

Hatua ya 4. Toa namba. Klorini 3.16 kutoa sodiamu 0.93 ni 2.23: klorini imebeba shuka lote, na hiyo ndiyo chumvi yetu ya Kunduchi. Klorini na hidrojeni (2.20) ni 0.96: shuka limeelemea upande mmoja tu. Ile 1.7 mnayoikariri, kwamba tofauti ikiipita basi shuka lote limebebwa, ni makadirio. Hidrojeni floridi ina 1.78, lakini ni molekuli, tena inachemka kwenye nyuzi 19.5 tu. Kwa joto la Dar ni gesi.

MASWALI

Mwanachama, Mbagala: Shikamoo mwalimu. Neoni iko kulia kwa florini, mbona haiongozi?
— Marahaba. Neoni hailali na mtu. Pauling alipima kwa nguvu za bondi (muungano wa atomu), na neoni haina bondi za kupimia. Zenoni, ya safu moja na neoni, huwa inakubali, ndiyo maana ina namba, kama 2.6.

Mwanachama, Ubungo: Hidrojeni iko juu ya lithiamu, ila 2.20 kwa 0.98 ni pengo kubwa mno!
— Elektroni yake ni moja, ganda ni moja, hakuna umati katikati.

Mwanachama, Kigamboni: Ticha, nimeona galiamu 1.81, alumini iliyo juu yake 1.61. Umetudanganya?
— Nilikuwa naombea msiione! Kati ya kalsiamu na galiamu kuna metali kumi, skandi hadi zinki, kwa hiyo kiini kimeongezewa protoni kumi. Elektroni kumi zilizokuja nazo zimekaa kwenye ganda la ndani, ila ni wakingaji wabovu: umati upo, lakini sauti inapenya.