Namna ya Kuandika Riwaya ya Taharuki Kuhusu Wahamiaji wa Ng'ambo ya Ruvuma

Anza na mhusika, usianze na mpaka. Mwandishi anayefungua riwaya kwa mtumbwi unaovuka usiku Ruvuma, mto wa mpaka kati ya Tanzania na Msumbiji, mamba huku na askari kule, humtisha msomaji kwa kurasa tatu, kisha hulazimika kutafuta mamba mwingine. Amua kwanza mtu wako anaona haya kwa jambo gani, anadaiwa na nani, na ni kitu gani hatakubali kukitenda hata akilala njaa.

Tuseme ni mwanamke aliyekimbia Palma, mji wa kaskazini mwa Msumbiji, baada ya shambulio la waasi la Machi 2021, akafikia kwa shemeji yake Tandahimba, upande wa Tanzania. Kwa kuwa Wamakonde wako pande zote mbili za mto, sura na lugha yake hazimsaliti upesi, na hapo ndipo penye utamu. Mpe kibarua cha kuokota korosho, alipwe kwa korosho zenyewe. Njia halali ya kuziuza ni chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi ghalani, yaani mzigo huwekwa ghalani kwa risiti hadi uuzwe mnadani. Yeye, asiye na kitambulisho, anamwendea jirani anayenunua kwa kangomba, ule ununuzi haramu wa kupima korosho kwa chombo badala ya mizani. Kipimo kinajazwa hadi kufurika, naye anahesabu kimoyomoyo, mpaka hesabu inamponyoka kwa Kireno. Jirani hasemi neno. Anajaza kipimo kingine, hicho bila kukilipia. Tangu hapo hata "Umeamkaje, shemeji?" ya jirani huyo ni tishio, nawe hutahitaji bunduki kwa sura kadhaa.

Afisa uhamiaji asiwe zimwi. Wakati wa vita vya FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, dhidi ya Wareno, vilivyoanza 1964, wapiganaji walifunzwa Nachingwea na wakimbizi walipewa makazi Rutamba, Lindi. Basi huenda bibi yake afisa huyo alivuka mto uleule. Alijue hilo, na bado kalamu iwe mkononi mwake.

Utu hauonyeshwi kwa machozi. Mpe mwanamke huyo kiburi, mzaha, hata husuda kwa wifi yake, kwani mnyonge asiye na dosari huchosha haraka. Mwishowe mtendaji wa kijiji amwahidi kumkingia kifua iwapo atataja kaya nyingine iliyojificha. Jibu lake sharti ulijue kabla ya kuandika sura ya kwanza, ili kaya hiyo iingie mapema, kwa jambo dogo tu, kama kuazima kinu.