Kuchora picha ya kumbukumbu ya mbwa wako kwa rangi za akriliki

Kazi huharibikia kwenye picha unayonakili. Tafuta iliyopigwa kwa mwanga wa dirishani, kamera ikiwa usawa wa macho ya mbwa. Flashi huyafanya macho yang'ae kijani, na simu ikisogezwa karibu mno hukuza pua. Utaishia kumchora mbwa wa jirani.

Ichapishe kwa sentimita 15 kwa 20, uigawe miraba ya 2.5. Turubai ya 30 kwa 40 igawe miraba ya 5, kisha hamisha mistari mraba kwa mraba kwa penseli hafifu. Pima umbali kati ya macho na pua mara mbili. Ukikosea hapo, rangi haitakuokoa.

Paka kahawia iliyozimuliwa kwa maji penye vivuli, iache ikauke, halafu anza na macho. Kahawia iliyokoza ikae pembeni mwa jicho, nyepesi upande ulio kinyume na nukta ya mwanga. Nukta yenyewe iwe ndogo, upande uleule kwenye macho yote mawili. Zikipishana, mbwa anaonekana ana makengeza.

Manyoya yapake kuanzia rangi za kiza kwenda za mwanga, brashi ikifuata yanavyolala: mafupi puani, marefu shingoni. Mbwa mweusi usimpake nyeusi tupu, huonekana kama tundu kwenye turubai. Changanya buluu na kahawia zilizokoza. Akriliki hukoza zaidi ikikauka, basi ichanganye nyepesi kidogo.

Mvi za mdomoni usizifute, kama ndivyo unavyomkumbuka.