Muziki wa chinichini mezani: mambo ya kuzingatia kabla ya kikao cha mchezo wa kuigiza

Katika mchezo wa kuigiza wa mezani, kila mchezaji huigiza mhusika wake ndani ya hadithi, na mwongozaji ndiye huisimulia. Mwongozaji wa mchezo huo, uwe Dungeons & Dragons au mwingine wa aina hiyo, huwa na mengi ya kushika kwa wakati mmoja. Anasimulia, anazungumza kwa sauti za walinzi na wachawi, anafuatilia dadu na kanuni. Akitaka na muziki ulie chinichini, basi maamuzi yote ya muziki yawe yamekwisha kabla watu hawajaketi. Vinginevyo pambano litaanza yeye bado anapekua simu.

La kwanza ni namna ya kupanga nyimbo, na hapa ndipo wengi hupotea. Hupanga kwa matukio: huu wa kuingia kasri, huu wa kuonana na malkia, huu wa joka. Wachezaji nao, kama kawaida yao, wanalipa kasri kisogo na kumfuata mchunga mbuzi uliyemtaja kwa sentensi moja tu. Mpango wako wote umekufa. Panga kwa hali badala yake: utulivu, pilikapilika za mjini, wasiwasi, mapambano, majonzi. Tano zinatosha kwa kampeni nzima, yaani hadithi moja inayoendelea kikao hadi kikao; zikifika kumi na tano utasahau kipi kiko wapi. Kila hali ipe nusu saa ya muziki, ila wasiwasi uupe hata saa nzima, maana ndio utakaolia kwa muda mrefu: kupekua chumba, kubishania kama mlango ufunguliwe, kumhoji shahidi anayedanganya.

Mapambano yana hesabu yake. Katika toleo la tano la Dungeons & Dragons, raundi moja, yaani kila mhusika kupata zamu yake mara moja, ni sekunde sita za hadithi, kwa hiyo pambano la raundi tano ni nusu dakika tu kwa wahusika. Mezani linaweza kumeza saa nzima, kwa kuwa kila mchezaji anawaza, anarusha dadu, anajumlisha, kisha anauliza kanuni aliyoiuliza wiki iliyopita. Wimbo wenye tarumbeta na kwaya zinazopaa husisimua dakika tatu za mwanzo. Ukirudi mara ya kumi unakera kama king'ora cha gari. Tafuta midundo ya ngoma yenye mwendo wa wastani, isiyopanda wala kushuka sana. Wimbo mmoja mkali uweke akiba, uuwashe pale adui mkuu anapojitokeza au shujaa anapobakiwa na uhai wa pumzi moja.

Nyimbo zenye maneno ziache, hata zile unazozipenda. Watafiti wa saikolojia wameonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba maneno yanayosikika pembeni huvuruga kumbukumbu ya mtu anayejaribu kushika jambo, hata akiambiwa ayapuuze, na hata yakiwa ya lugha asiyoijua. Mchezo huu wote ni maneno: jina la kijiji, idadi ya walinzi, ahadi aliyotoa mfanyabiashara. Hakuna sababu ya kuyashindanisha na mwimbaji. Nafasi pekee ya wimbo wenye maneno ni pale ambapo ndani ya hadithi kuna mtu anaimba na wewe umenyamaza.

Vivyo hivyo muziki wa filamu maarufu. Mchezaji mmoja akiutambua, ataanza kuusimulia mchezo wako kwa sura za wahusika wa filamu ile, na atakuwa na haki.

Sauti ipimwe mapema, chumbani humohumo. Mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja ni kama desibeli 60. Muziki ukae chini ya hapo kwa kiasi cha kutosha mtu aweze kunong'ona na akasikika ng'ambo ya meza. Kipimo rahisi: keti kiti cha mbali kabisa na spika, mwambie mwenzako asome aya kwa sauti ya chini kutoka kiti chako. Ukilazimika kuinama mbele, punguza. Spika isikae katikati ya meza, wala karibu na anayezungumza polepole.

Kabla hata ya hilo, waulize wachezaji. Mtu anayetumia kifaa cha kusaidia kusikia anaweza kushindwa kutenganisha muziki na sauti ya msimulizi, na mwingine huumwa kichwa kwa kelele za mfululizo. Katika mchezo wa kutisha, ulizia pia milio ya ghafla; kuna wanaoifurahia na kuna isiyowafaa kabisa. Kama mmoja anasema muziki unamtatiza, uzime. Huo mjadala haupigiwi kura.

Pakua nyimbo kwenye kifaa ili usitegemee mtandao, zima arifa za simu, na hakikisha hakuna tangazo la sabuni litakaloingia katikati ya mazishi ya mfalme. Washa kurudia. Kama programu yako inaruhusu wimbo mmoja kufifia huku mwingine ukiingia, tumia sekunde tano hivi, maana ukatikaji wa ghafla humfanya kila mtu auangalie muziki wenyewe. Tovuti ya Tabletop Audio ina sauti za mazingira, kila moja ya dakika kumi, zilizotengenezwa kwa kazi hii hasa.

Mnaocheza kwa mtandao mna shida nyingine. Kichuja kelele cha Discord, programu ya kuzungumza kwa mtandao, huweza kuuona muziki kuwa ni kelele na kuukatakata, kwa hiyo usiupitishe kwenye maikrofoni yako. Roll20 na Foundry, ambazo ni programu za kuchezea michezo hii mtandaoni, zina kichezesha muziki cha ndani, na kila mchezaji hujipunguzia sauti kivyake. Na kama kikao kitarushwa hadharani, haki miliki inaingia: hata wimbo ambao mtunzi wake alifariki karne mbili zilizopita, rekodi yake ya jana ina mwenyewe. Tafuta muziki wenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya kuutumia kwa masharti, na utaje jina la mtunzi kama leseni inavyodai.

Amua pia ni wapi hapatakuwa na muziki. Kuuzima muziki mlango unapofunguka hufanya kazi kuliko ngoma yoyote, mradi ulikuwa unalia kabla.

Mwisho, nani atabonyeza? Mchezaji mmoja akikubali kazi hiyo, mwongozaji anapumua. Ila kabla ya kumkabidhi simu, badilisha majina ya nyimbo yawe namba tupu. Faili iliyoandikwa “Usaliti wa kaka” itakuwa imeshasomwa na meza nzima kabla kaka mwenyewe hajafika.