Jinsi ya kuona maji yakiingia na kutoka kwenye seli kwa kiazi kimoja tu

Kama osmosisi (maji kupita kwenye utando wa seli, ile ngozi yake nyembamba, kwenda upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi) inakupiga chenga acha kwanza kukariri, tafuta kiazi mviringo kimoja kikubwa, chumvi, glasi 3, kisu na mizani inayosoma gramu hadi desimali. Huna mizani? Rula itasaidia ila majibu yatakuwa ya kukadiria.

Menya maganda yote. Hii wengi wanairuka, alafu wanashangaa majibu hayaeleweki, ganda linazuia maji kupita. Kata vipande vitatu vya sm 5 kwa sm 1 kwa sm 1, futa kila kimoja, pima, andika.

Glasi ya kwanza maji matupu ml 200, ya pili maji kiasi hichohicho na chumvi gramu 2, ya tatu kiasi hichohicho na chumvi gramu 20. Tumbukiza, acha masaa mawili hivi.

Ukitoa, futa maji ya juu tu, usikamue! Alafu chukua uzito wa mwisho, toa wa mwanzo, gawa kwa ule wa mwanzo, zidisha kwa 100. Kipande kilichotoka gramu 5.0 kwenda 5.4 kimeongezeka asilimia 8.

Cha maji matupu kitakuwa kigumu, ukikikunja kinakatika, cha chumvi nyingi kinapinda kama raba na kimepungua uzito. Cha katikati hakibadiliki sana, na hapa ndo pananoga, mana watu husema eti maji yametulia. Hayajatulia kabisa, molekuli zinaingia na kutoka muda wote, ila zinazoingia zinakaribiana na zinazotoka ndo mana mizani haioni kitu. Kwenye chumvi nyingi zinazotoka ni nyingi zaidi kwa sababu utando wa seli unapitisha maji kirahisi lakini chumvi inapita kwa shida. Maji yana hadi vinjia vyake vya protini, akwaporini, Peter Agre alipewa Nobel ya kemia 2003 kwa kuzigundua.

Mbona seli za kiazi hazipasuki kwenye maji matupu? Zina ukuta mgumu nje ya utando. Seli nyekundu za damu hazina, zinapasuka, ndo mana dripu ya chumvi huwa asilimia 0.9 na sio maji matupu.

Jaribio hili halikuonyeshi kila kitu lakini. Kuna vitu seli inavisukuma kwa nguvu kutoka vilipo vichache kwenda vilipo vingi, mfano pampu ya seli za wanyama inayotoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2 kwa kila ATP moja (molekuli inayoipa seli nishati), hiyo kwa mizani huioni.

Bado una wasiwasi kwamba utando ndo unafanya kazi? Chemsha kipande cha nne kidogo, kiache kipoe, kitie kwenye maji matupu. Hakitakakamaa kama kile kibichi, joto limeshaharibu utando na vilivyokuwa ndani vinavujia nje.