Kuweka data unganishi kwenye kurasa za maktaba ya kidijitali

Ukurasa wa ramani ya zamani ukiandikwa "London", msomaji ameelewa. Kompyuta hubaki njia panda: ni London ya Uingereza au ile ya Ontario, Kanada? Kazi yetu ni kuiondolea utata huo kwa data unganishi, yaani maelezo ambayo kompyuta inaweza kuyasoma na kuyaunganisha na vyanzo vingine kwenye wavuti. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla hujagusa msimbo.

Hatua ya 1. Kipe kila kitu kwenye mkusanyiko anwani yake ya kudumu ya wavuti. Isibebe jina la programu mnayotumia wala kiishio kama .php. Mimi nilianza na msimbo, anwani nikaziacha zilivyozalishwa na mfumo. Tulipohamia mfumo mwingine, viungo vyote vilikufa, tukarudi mwanzo.

Hatua ya 2. Chagua msamiati, yaani orodha ya majina yaliyokubaliwa ya aina za vitu na sifa zake. Schema.org unatosha kuanzia. Injini za utafutaji zinaufahamu tangu 2011. Una aina za Map, Photograph, Book, hata Manuscript.

Hatua ya 3. Tafuta vitambulisho, yaani namba au anwani za kipekee za kila mtu au mahali: watu kwenye VIAF (orodha ya pamoja ya majina ya maktaba mbalimbali), mahali kwenye GeoNames (hifadhidata ya majina ya mahali), na karibu chochote kwenye Wikidata (hifadhidata huria dada ya Wikipedia). Hapa ndipo muda unapokwenda. Majina hufanana, kwa hiyo linganisha miaka ya kuzaliwa na kufa kabla ya kuunganisha. Ukiwa na shaka, acha jina bila kiungo. Kiungo cha uongo husambaa haraka, na kukifuta kila kilikofika ni shughuli.

Hatua ya 4. Andika JSON-LD, muundo wa kuandika data unganishi, ndani ya msimbo wa ukurasa:

<script type="application/ld+json">
{
  "@context": "https://schema.org",
  "@type": "Map",
  "@id": "https://maktaba.example/kitu/1042",
  "name": "Ramani ya London",
  "dateCreated": "1850",
  "spatialCoverage": {
    "@type": "Place",
    "name": "London",
    "sameAs": "http://www.wikidata.org/entity/Q84"
  }
}
</script>

Kwenye @id weka ile anwani ya hatua ya kwanza, na sameAs ndiyo inayomaliza ubishi wa London ipi. Kama katalogi inasema "takriban 1850", usiuingize mwaka huo kwenye dateCreated kana kwamba una uhakika. Uache kwenye description, kwa maneno yale yale ya katalogi. Ukishapata mfano mmoja unaofanya kazi, ugeuze kuwa kiolezo kinachojazwa na katalogi yenyewe. Kuandika kurasa elfu moja kwa mkono ni kujitesa.

Hatua ya 5. Pitisha ukurasa kwenye validator.schema.org. Mkato mmoja uliozidi huharibu kipande chote kimyakimya, huku ukurasa ukionekana mzima kwenye kivinjari. Ila kikaguzi hicho huangalia sarufi na msamiati tu, si ukweli wa viungo. Ukiandika Q90, ambayo ni Paris, kitapitisha bila kunung'unika, kwa hiyo chukua kurasa kumi na ufungue kila kiungo mwenyewe.